Nyasi hazisubiri ada: Somo la klabu ya gofu kwa vikundi vya maji Rujewa

SOMO LA WIKI

Rujewa haina uwanja wa gofu. Anayefika hapo kutoka barabara kuu ya Tanzania-Zambia hukuta bonde la Usangu, majaruba ya mpunga, mashine za kukoboa na malori yanayosubiri mzigo. Mfanyabiashara wa mchele anayetaka kuona uwanja wa gofu katika Nyanda za Juu Kusini hana budi kupanda na barabara hiyo hiyo, apite Makambako na Mafinga, hadi Mufindi, ambako katikati ya mashamba ya chai kuna uwanja wa mashimo 9.

Hata hivyo, hesabu ya klabu ya gofu ya wanachama inamhusu mtu wa Rujewa kuliko anavyodhani. Klabu ya namna hiyo ni mali ya pamoja yenye eneo kubwa la ardhi, inayohitaji maji na kazi ya kila siku, na ambayo haigawi faida kwa mtu yeyote. La muhimu zaidi ni kwamba wanaopanga ada ndio hao hao wanaoilipa. Skimu ya umwagiliaji inayoendeshwa na wakulima wenyewe, yenye banio, mfereji mkuu na mageti, iko katika hali hiyo hiyo. Zote mbili hufa kwa ugonjwa mmoja, nao ni ada ndogo iliyopitishwa kwa makofi.

Biashara isiyo na mavuno

Kampuni ya kawaida hupima kazi yake kwa faida. Klabu ya wanachama haina kipimo hicho. Lengo lake ni kutoa huduma kwa wenye mali, na ziada yoyote hurudi katika huduma hiyo. Kwa sababu hiyo mizania yake husomwa kwa namna tofauti. Klabu inayofunga mwaka bila hasara si lazima iwe salama, kwani inawezekana imeishi kwa kula mali yake yenyewe.

Mapato ya klabu huwa ya aina nne: kiingilio kinacholipwa mara moja na mwanachama mpya, ada ya mwaka, malipo ya wageni kwa kila mzunguko wanaocheza, na kinachopatikana katika baa, jiko na udhamini wa mashindano. Upande wa matumizi, sehemu kubwa ni gharama zisizobadilika. Nyasi hukua wanachama wakija 10 au wakija 100. Mlinzi hulipwa, pampu huwashwa, na mashine ya kukata nyasi huchakaa hata Jumamosi ambayo hakuna aliyecheza.

Hapo ndipo klabu inapotofautiana na hoteli au duka. Duka likikosa wateja hupunguza kuagiza bidhaa. Uwanja wa gofu ukikosa wachezaji hauwezi kupunguza mashimo.

Fedha huishia wapi

Uwanja wa mashimo 9 unaweza kuchukua hekta 27 hivi. Mtu asiyeujua mchezo hudhani gharama kubwa iko katika ukubwa wa eneo hilo. Sivyo. Gharama iko katika grini, yaani kile kipande laini cha nyasi fupi kinachozunguka kila shimo. Grini 9 za wastani wa mita za mraba 500 kila moja ni mita za mraba 4,500, sawa na chini ya asilimia 2 ya uwanja wote. Kipande hicho kidogo ndicho kinachokula muda, maji na utaalamu kuliko eneo jingine lolote.

Nyasi za grini hukatwa kila siku au karibu kila siku, zikabaki na kimo cha milimita 3 hadi 5. Mashine ya kawaida ya bustani haiwezi kazi hiyo. Inatakiwa mashine ya silinda, ambayo visu vyake hunolewa na kupimwa mara kwa mara, kwa kuwa kisu butu huchana jani badala ya kulikata na kulifungulia mlango ugonjwa wa ukungu. Njia ya mchezo, ile inayotoka mahali pa kuanzia hadi kwenye grini, hukatwa mara mbili au tatu kwa wiki wakati wa mvua. Pembezoni, ambako nyasi huachwa ndefu, panatosha trekta na mashine ya kawaida.

Kukata ni sehemu tu ya kazi. Grini hukanyagwa, udongo wake ukashindilika na mizizi ikakosa hewa. Kwa hiyo hutobolewa matundu, kisha humwagiwa mchanga safi uliochekechwa na kusambazwa kwa brashi. Kazi hiyo haionekani kwa mchezaji. Mara nyingi hata humkera, kwa vile grini hubaki mbovu kwa siku kadhaa. Ndiyo maana, fedha zikipungua, inakuwa ya kwanza kuahirishwa. Mwaka wa kwanza hakuna tofauti. Mwaka wa pili maji huanza kutuama. Mwaka wa tatu mabaka hutokea, na kuotesha upya grini moja huwa gharama kubwa kuliko matobo na mchanga wa miaka yote mitatu.

Uchaguzi wa nyasi nao ni uamuzi wa kifedha. Katika maeneo ya joto ukoka wa kawaida hustahimili jua na kukanyagwa, na asili yake ni huku huku Afrika. Katika nyanda zenye baridi nyasi za kikuyu hukua vizuri, lakini ni nene mno kwa grini na hupenya mahali zisipotakiwa. Katika mwambao, baadhi ya viwanja vipya, kama ule wa Vipingo Ridge katika Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, vimepandwa nyasi aina ya paspalamu, ambazo huvumilia maji yenye chumvichumvi. Anayepanda nyasi zisizofaa mahali pake hulipa gharama ya kosa hilo kila mwezi.

Maji: hesabu ambayo Rujewa inaielewa

Milimita moja ya maji juu ya hekta moja ni mita za ujazo 10. Kwa kipimo hicho mkulima yeyote wa mpunga anaweza kukadiria uwanja wa gofu ungedai nini katika bonde la Usangu.

Chukua kwamba ukoka unahitaji milimita 4 kwa siku wakati wa kiangazi. Grini zote 9, ambazo ni hekta 0.45, zitahitaji mita za ujazo 18 kwa siku. Kwa kiangazi cha siku 180 ni mita za ujazo 3,240. Kiasi hicho kinaweza kutoka katika kisima na tangi. Lakini klabu ikitaka na njia za mchezo zibaki kijani, tuseme hekta 10, mahitaji yanaruka hadi mita za ujazo 400 kwa siku, yaani 72,000 kwa kiangazi chote. Hekta moja ya mpunga wa kufurika mara nyingi hutumia mita za ujazo 10,000 au zaidi kwa msimu, kwa hiyo rangi ya kijani ya njia za mchezo ni sawa na maji ya hekta 7 hivi za mpunga.

Tofauti kubwa ni wakati. Mpunga wa Usangu hutegemea zaidi maji ya masika, mito ikiwa imejaa. Uwanja wa gofu hudai maji kati ya Juni na Novemba, wakati ambao kila ndoo ina mwenyewe. Tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na mgao wa umeme wa miaka ya 1990 ulizua mabishano marefu kuhusu maji ya Usangu na mabwawa ya Mtera na Kidatu. Wapo waliowalaumu wakulima na wafugaji wa juu, na wapo wataalamu walioonyesha kwamba uendeshaji wa mabwawa wenyewe nao ulichangia. Kwa vyovyote vile, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, anayechepusha maji ya mto kwa shughuli ya namna hiyo hupaswa kuwa na kibali cha bodi ya bonde, na kwa Usangu bodi hiyo ni ya Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa.

Vilabu vyenye busara katika nchi kavu vimejifunza kuishi na ukweli huo. Humwagilia grini na sehemu za kuanzia tu, na kuziacha njia za mchezo zigeuke rangi ya majani makavu. Ukoka haufi kwa hilo. Hulala, ukaamka na mvua za kwanza kwa nguvu ya mashina yake yaliyo chini ya udongo. Zamani vilabu vingi vya Afrika vilikwepa gharama ya maji kabisa kwa kutumia brauni badala ya grini, yaani duara la mchanga uliochanganywa na mafuta machafu ya injini na kusawazishwa kwa ubao. Zilikuwa rahisi kutunza, lakini mafuta hayo huchafua udongo na maji, na si njia ya kushauri leo.

Hesabu inayodanganya mkutano mkuu

Mfano ufuatao ni wa kubuni, kwa ajili ya somo tu. Klabu ina uwanja wa mashimo 9 na wanachama 100. Matumizi yake kwa mwaka ni haya: mishahara Sh. milioni 54, mafuta na vipuri Sh. milioni 26; mbolea, mchanga na dawa Sh. milioni 16, maji na umeme wa pampu Sh. milioni 12; bima, kodi ya ardhi na ofisi Sh. milioni 12. Jumla ni Sh. milioni 120.

Wanachama wamekubaliana ada ya Sh. milioni 1 kila mmoja, na hivyo klabu inapata Sh. milioni 100. Wageni wanaleta Sh. milioni 12, na baa inabakiza Sh. milioni 8. Jumla ni Sh. milioni 120. Mweka hazina anasimama mbele ya mkutano mkuu na kutangaza kwamba mapato na matumizi yamelingana. Mkutano unapiga makofi.

Kilichoachwa nje ni uchakavu. Mashine na trekta za klabu zilinunuliwa kwa Sh. milioni 140 na zinatarajiwa kudumu miaka 7. Kila mwaka klabu inatumia Sh. milioni 20 za mashine hizo bila kuona noti ikitoka. Gharama halisi ya uwanja si Sh. milioni 120, bali Sh. milioni 140.

Baada ya miaka 7 mashine zimekwisha na akiba ni sifuri. Klabu inaitisha mchango wa dharura wa Sh. milioni 1.4 kwa kila mwanachama. Wanachama 20 wanajiondoa. Waliobaki 80 sasa wanatakiwa kutoa Sh. milioni 1.75 kila mmoja kwa ajili ya mashine. Zaidi ya hapo, kama wageni na baa havikubadilika, ada ya kulipia gharama halisi ya kila mwaka inapanda hadi Sh. milioni 1.5. Kwa bei hiyo wengine nao huondoka, na mzigo wa waliobaki huongezeka tena. Wenye kuondoka kwanza aghalabu ni wale wenye uwezo wa kwenda kucheza kwingine, yaani wale ambao klabu iliwahitaji zaidi.

Swali ni je, ajali hiyo ingeepukwa kwa gharama gani? Ada ingekuwa Sh. milioni 1.2 tangu mwanzo, klabu ingekusanya Sh. milioni 140 kila mwaka na akiba ya mashine ingekuwapo. Tofauti ni Sh. 200,000 kwa mwanachama kwa mwaka, chini ya Sh. 17,000 kwa mwezi.

Yapo makosa mengine mawili yanayofanana na hilo. La kwanza ni kulipia mishahara kwa kiingilio. Kiingilio ni mtaji, kwa kuwa mwanachama hukilipa mara moja tu. Klabu inayokitegemea kwa matumizi ya kila siku hulazimika kupata wanachama wapya kila mwaka ili tu isimame pale pale. La pili ni kusahau thamani ya sarafu. Ada hukusanywa kwa shilingi, lakini mashine ya silinda na visu vyake hutoka nje na hulipiwa kwa fedha za kigeni. Akiba ya Sh. milioni 140 iliyowekwa benki bila riba ya maana haitanunua mashine zile zile baada ya miaka 7. Ada inapaswa kutazamwa upya kila mwaka, hata kwa nyongeza ndogo. Nyongeza ndogo ya kila mwaka huzoeleka, lakini kubwa ya ghafla huvunja klabu.

Nani hubeba mzigo

Tanzania ina mifano ya njia mbalimbali za kulibeba tatizo hili. Viwanja vya Mufindi kwenye chai na TPC karibu na Moshi kwenye miwa vilizaliwa na mashamba makubwa, kwa ajili ya starehe ya watumishi walioishi mbali na mji. Uwanja wa namna hiyo huwa na kinga ya jirani mwenye matrekta na karakana. Hatari yake ni kwamba wanachama wanaweza wasijue gharama halisi ya nyasi wanazokanyaga, mpaka siku mwenye shamba atakapobadili sera.

Vilabu vya mijini, kama Gymkhana za Dar es Salaam, Arusha na Morogoro, husimama zaidi kwa wanachama na michezo mingine iliyo chini ya paa moja. Uwanja wa Lugalo, Dar es Salaam, wenye mashimo 18, uko chini ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Kili Golf ya Arusha, kama Vipingo Ridge ya Kenya, imefuata njia ya kuuza viwanja na nyumba kandokando ya uwanja, hivyo thamani ya ardhi ikasaidia kubeba gharama ya nyasi.

Kila njia ina mlipaji. Tofauti ni kama mlipaji huyo anajulikana na amekubali, au hajulikani mpaka mashine ivunjike. Uwanja usio na mlipaji anayejulikana huishia kulipiwa na ardhi yake. Hekta 27 karibu na mji ni kishawishi kikubwa kwa klabu yenye madeni, na shimo likishauzwa kwa mwenye kujenga halirudi.

Somo kwa skimu za maji

Sasa msomaji wa Rujewa aweke neno "banio" mahali pa "grini" na arudie hesabu ile. Banio na mageti ni sehemu ndogo sana ya skimu, lakini ndiyo inayoamua kama maji yataingia. Kuondoa mchanga katika mfereji mkuu ni kama kutoboa grini: kazi isiyoonekana, ambayo kuiahirisha mwaka mmoja hakuumizi mtu. Huumiza mwaka wa tatu, na huanza na mwenye jaruba la mwisho wa mfereji, ambaye mara nyingi ndiye mwenye sauti ndogo mkutanoni.

Jambo moja hufanya hali ya skimu kuwa ngumu zaidi. Mabanio mengi ya kisasa yalijengwa kwa fedha za serikali au wafadhili. Kwa kuwa wakulima hawakuyanunua, hayamo katika daftari lao, na kisichomo katika daftari hakitengewi uchakavu. Lakini mali ya zawadi nayo huchakaa. Geti la chuma lililotolewa bure huota kutu sawasawa na geti lililonunuliwa.

Klabu za gofu zinafundisha pia namna ya kugawa ada. Mwanachama hulipa ada ya mwaka ili uwanja uwepo, acheze au asicheze, na mgeni hulipia mzunguko. Skimu inaweza kufuata mpango huo: sehemu ya ada kwa kila hekta, inayolipwa na kila mwenye eneo hata asipolima msimu huo, na sehemu nyingine kwa anayechukua maji. Ya kwanza hutunza banio, na ya pili humkumbusha mtumiaji kwamba maji yana gharama. Skimu inayotoza wanaolima tu huishiwa fedha katika mwaka wa ukame, wakati ambao mageti yanahitaji kusimamiwa zaidi.

Wakati wa kukusanya nao una bei yake. Klabu hudai ada mwanzoni mwa mwaka, kabla mtu hajacheza. Mkulima hana fedha mwanzoni mwa msimu, hivyo vikundi hukusanya baada ya mavuno, pengine kwa magunia. Hapo kikundi huingia katika biashara ya mpunga bila kukusudia. Kikiuza siku ile ile ya kupokea, kinauza sokoni wakati kila mtu anauza. Kikiweka ghalani, kinahitaji ghala salama, turubai, dawa na daftari linaloaminika. Njia yoyote itakayochaguliwa, ada ipangwe kwa shilingi na gunia lihesabiwe kwa bei ya siku ya kupokelewa, ili mkulima na kikundi wasije kugombana bei ikipanda.

Maswali ya mkutano mkuu ujao

Mwanachama wa klabu ya gofu au wa kikundi cha maji hahitaji kuwa mhasibu ili kujua kama mali yake inaliwa. Yanamtosha maswali machache. Je, orodha ya mali ipo, na kila mali imeandikiwa miaka iliyobaki? Je, fedha za uchakavu ziko katika akaunti yake peke yake, yenye watia saini wasiopungua wawili? Je, kiingilio kimetumika kwa mishahara? Je, kazi gani ya matengenezo iliahirishwa mwaka huu, na imeahirishwa kwa mara ya ngapi? Je, wanachama wangapi wanadaiwa, na katiba inasema wafanywe nini?

Kiongozi akijibu swali la nne kwa kusema kwamba hakuna kilichoahirishwa, aombwe kuongozana na wanachama hadi kwenye grini, au hadi mwisho wa mfereji.